Jino Lisilo na Hatia

Maumivu ya uso yameng'oa meno mengi yasiyo na hatia. Mtu wa Temeke au Kinondoni apigwapo na maumivu shavuni, makali mfano wa umeme, hukimbilia kwa mganga wa meno. Na shavu likianza kucheza lenyewe, wako wasemao kuwa ni pepo. Yamkini kisa kimo ndani ya fuvu.

Mwaka 1756 tabibu Mfaransa Nicolas André aliyapa maumivu hayo jina. Mwaka 1934 Walter Dandy wa Marekani alieleza kwamba mshipa wa fahamu huweza kubanwa na mshipa wa damu, na kwa wagonjwa wachache na uvimbe. Uvimbe huo mara nyingi si saratani, nao ukiugusa mshipa uendeshao misuli, uso hucheza. Kuuona bila kupasua kulikuwa kugumu, hata mwaka 1971 mashine ya kupiga picha za ubongo ilipotumiwa kwa mgonjwa wa kwanza, huko London.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na safari yake. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret ndiyo Muhimbili ya leo. Na mwaka 1996 ikaundwa hapo Taasisi ya Mifupa, itibuyo pia ubongo. Lakini mgonjwa wa Temeke hufika huko iwapo tu amtazamaye kwanza atalishuku fuvu kabla ya kulishika jino.