Risasi, Reli na Lugha: Historia ya Machimbo ya Mpanda

Neno risasi limebeba maana mbili. Maana inayotujia upesi ni ile ya kitu kiuacho kikitoka katika mtutu wa bunduki. Maana ya pili, ambayo kwa asili ya neno hilo katika Kiarabu ndiyo ya awali, ni madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Vipande vyake hufungwa kwenye nyavu ili zizame, na mafundi huyachanganya na madini mengine kupata lehemu. Madini hayo hayo ndiyo yaliyoukuza mji wa Mpanda. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba historia ya mgodi haimaliziki pale mawe yanapokwisha. Huendelea katika matumizi ambayo wananchi wanayapa yale yaliyoachwa, na lugha huyahifadhi.

Tuanze na maneno yenyewe. Dhahabu, fedha na risasi ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Chuma, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu, na hilo si jambo la kushangaza. Kusini mwa Katavi, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu za udongo zilizoitwa malungu, wakafua majembe, shoka na mikuki. Kaskazini, Uvinza, maji ya chumvi yalichemshwa kwa karne nyingi, na chumvi hiyo ikasafirishwa mbali. Kwa hiyo mkoloni hakuwakuta watu wasiojua siri za ardhi yao.

Miamba ya Mpanda ni ya kale mno: ina umri upatao miaka bilioni mbili, na wanajiolojia wameupa ukanda wake jina linalotokana na Ubende. Katika mishipa ya miamba hiyo mna risasi, shaba, fedha na dhahabu. Mashapo ya risasi ya Mukwamba yalifahamika tangu miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikayachimba kwa mitambo. Ili madini yafike pwani, ilijengwa reli ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, nayo ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, mgodi ulifungwa.

Hapa pana swali la kihistoria. Reli iliyokosa mzigo wake inastahili kuishi? Kusini mwa nchi, reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya Mpanda haikung'olewa. Wakulima waliipa mahindi, mpunga na tumbaku. Warina asali waliipa asali. Wasafiri waliipa nafsi zao. Kuanzia mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipokewa nchini, na wengi wao wakawekwa Katumba, kando ya njia hiyo hiyo. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yaliwekwa Mpanda, mji uliokua penye ncha ya reli iliyokusudiwa kubeba mawe.

Dhahabu nayo ina simulizi yake. Katika maandishi ya wanajiolojia, mojawapo ya maeneo ya dhahabu huitwa D-Reef, yaani herufi ya alfabeti pamoja na neno la Kiingereza la mshipa wa mwamba. Wenyeji waliichukua alama hiyo ya ramani, wakaipa irabu zake, wakakaa ndani yake: leo ni kijiji cha Dirifu. Sioni mfano bora zaidi wa namna watu wanavyolimiliki jambo walilolikuta likiwa la wengine. Wachimbaji wadogo nao wana msamiati wao. Shimo ni duara. Mashine ya kuvunja mawe ni karasha. Mchanga uliokwisha kuoshwa ni marudio. Na pahali pa kuchenjulia ni mwalo.

Msamiati huu haupaswi kudharauliwa, kwa sababu ndani yake mna uhai wa watu. Anayekamata dhahabu kwa zebaki, kisha akaichoma, huvuta mvuke unaodhuru ubongo na figo, na jirani yake huuvuta pia. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilitungwa kwa Kiingereza, ilhali duara huchimbwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hatua hiyo ni njema, lakini tafsiri isiyojua duara wala marudio itamfikia hakimu bila kumfikia mchimbaji.

Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili, basi, ni kwenda machimboni na kuyakusanya maneno haya kabla wenye nayo hawajatoweka, kisha kuyaingiza katika kamusi na katika mafunzo ya usalama. Risasi ya Mukwamba ilikwisha kusafirishwa zamani. Maarifa ya wale walioichimba, na ya wale wanaochimba dhahabu leo, bado yanaweza kubaki nchini.