Siku 30 zilizogeuka miaka: namna raia wa Kivu ya Kaskazini walikataa kunyamaza

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mnaoishi mbali na makwenu kwa sababu ya vita, wengi wenu mnatuuliza: utawala wa askari ulifikaje jimboni mwetu, na nani aliupinga? Leo tukumbushane.

Mwezi wa nne 2021, wanafunzi wa Beni waliacha madarasa, wakaenda kulala kwenye uwanja wa ofisi ya meya kwa siku kadhaa. Walitaka rais Félix Tshisekedi aje ajionee mwenyewe namna watu wanavyochinjwa. Siku chache baadaye jibu likatoka Kinshasa: hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoita «état de siège», katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 6 mwezi wa tano. Luteni jenerali Constant Ndima akawa liwali Goma, mwenzake Johnny Luboya akawekwa Bunia. Mabunge ya jimbo yakasimamishwa. Askari na polisi wakakalia viti vya mameya. Raia wakaanza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Tuseme ukweli: mwanzoni watu wengi walifurahi. Aliyezika ndugu zake hatazami kama mkombozi amevaa suti au magwanda. Lakini mauaji hayakukoma, na Katiba ilikuwa imetoa siku 30 tu. Baada ya hapo, Bunge linaweza kuongeza siku 15 kila mara. Siku 15 zikafuatana na siku 15 nyingine, mpaka zikawa miaka.

Hapo upinzani ukaanza, na haukushika bunduki. Kule Kinshasa, wabunge kadhaa kutoka Kivu ya Kaskazini na Ituri waliacha kuingia vikao vya kuongeza muda. Huku kwetu, LUCHA, lile kundi la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, lilishuka barabarani. Mwezi wa 11 mwaka 2021, vijana wake 13 walikamatwa Beni katika maandamano. Mwezi wa nne 2022, mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu ya miezi 12 gerezani. Katikati ya hayo, tarehe 24 mwezi wa kwanza 2022, kijana mwingine wa LUCHA aliuawa kwa risasi Beni, akiandamana kupinga utawala huohuo.

Kisha ikaja tarehe 30 mwezi wa nane 2023. Mjini Goma, askari waliwapiga risasi raia waliokuwa wanataka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Zaidi ya watu 50 walikufa. Liwali Ndima akaitwa Kinshasa, na Jenerali Peter Cirimwami akachukua nafasi yake. Mwezi wa kumi rais akatangaza kulegeza utawala huo hatua kwa hatua, lakini kiti cha liwali kikabaki cha jeshi.

Mwezi wa kwanza 2025, Cirimwami alikufa kutokana na majeraha ya vita, na siku chache baadaye M23 wakaingia Goma. Tangu mwaka huo jimbo letu likawa na maliwali wawili: wa Kinshasa, jenerali anayekaa Beni, na wa AFC/M23 anayekaa Goma. Hakuna hata mmoja aliyepata kiti hicho kwa kura.

Hawa vijana na wabunge hawakukataa jeshi lipigane na wauaji. Walichokataa ni kuongozwa na mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita na kumuuliza. Bunge la jimbo, hata likiwa dhaifu, linaweza kumwita liwali na kumwuliza: pesa za jimbo zimekwenda wapi? Kwa nini kijiji hiki kilichomwa wakati askari walikuwa karibu? Mama aliye chini ya hema ana haki ya kuuliza hayo kuliko wote. Vijana wa Beni walifungwa kwa sababu waliyauliza kwa niaba yake.