Ufagio wa Mwanza, Nyota ya Burma

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck mishahara waliyokuwa wakidai tangu Vita Kuu ya Kwanza. Dirisha la malipo lilifunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa bado na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na waliobaki walifika mikono mitupu. Husimuliwa kwamba mlipaji alimkabidhi kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki hupendwa kwa kuwa kinachekesha. Lakini kuna jambo ndani yake ambalo si la kucheka: miaka 46 baada ya vita, haki ya mtu ilitegemea kile ambacho mkewe au mamaye alikitia sandukuni. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, cheti na medali havikuwekwa kama mapambo. Viliwekwa kama hati ya deni, kwa kuwa huenda siku moja serikali ingeuliza.

Kwa wapagazi wa vita hiyohiyo hapakuwa na cha kuweka. Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga, na makumi ya maelfu wakafa kwa kuhara, malaria na njaa. Waliacha majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, pale ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, inamwonyesha mwanajeshi mwenye bunduki na singe. Majina ya waliokufa hayamo.

Vita Kuu ya Pili ilijaza masanduku zaidi. Watu zaidi ya 250,000 wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia jeshini, wengi katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho vijijini kiliitwa Keya. Anayekuta leo nyota ya shaba yenye ncha sita chini ya kitanda cha marehemu babu anaweza kuisoma kama barua. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati ni wa Nyota ya Afrika. Kwa askari wa Keya, kwa kawaida unamaanisha Somalia na Ethiopia, ambako mapigano na Waitaliano yalikwisha Gondar tarehe 27 Novemba 1941. Utepe wa buluu nzito, wenye mwekundu mpana katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, ni wa Nyota ya Burma. Aliyepigana Madagaska mwaka 1942 hakupata nyota yenye jina la kisiwa hicho. Alipewa ile ya jumla ya 1939–45, na ndiyo maana wajukuu wengi hawajui kwamba babu yao alifika huko.

Burma ndiyo iliyoacha masimulizi mengi kuliko kwingineko. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha faru, ilipewa mwaka 1944 kazi ya kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, matope yakiwa magotini. Desemba ikaingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alikuwa koplo huko, na aliyaandika mambo yake katika kitabu cha mwaka 1967. Lakini askari walioandika vitabu ni wa kuhesabika. Wengi walirudi na kofia ya ukingo mpana, kabuti lililovaliwa hadi likaisha, na picha iliyopigwa studio huko Asia.

Hussein Onyango Obama, mpishi wa jeshi kutoka Nyanza, alirudi na gramafoni na picha ya mwanamke aliyedai kumwoa Burma. Hivyo ndivyo mkewe Sarah alivyosimulia, na mjukuu akayaweka katika kitabu kilichotoka 1995. Kama ndoa hiyo ilikuwepo kweli, gramafoni haikuweza kushuhudia.

Wengine hawakuleta hata picha. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walikaribia 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kaburi hakuna. Majina ya askari hao yamechongwa katika mnara wa ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Na deni? Mwaka 2019 televisheni ya Al Jazeera ilionyesha nyaraka za Kiingereza zinazothibitisha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata hadi theluthi moja tu ya alichopata mzungu wa cheo kilekile. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati katika vita ya kwanza, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa mtafiti anayeanza kufuatilia mtu mmoja, karatasi inafaa kuliko shaba. Cheti cha kuachishwa jeshi kina namba ya askari na kikosi chake, na kwa hizo jalada linaweza kutafutwa. Bahati mbaya, familia nyingi zilihifadhi kile kinachong'aa, karatasi zikaachiwa mchwa.