Kelele za usiku Nairobi: Jinsi ya kutambua zinakotoka

MKAZI wa ghorofa ya saba mtaani Kilimani akikoseshwa usingizi na midundo ya muziki, aghalabu huilaumu klabu iliyo mkabala na dirisha lake. Huenda anaionea. Huko Kilimani, Kileleshwa na Westlands majumba marefu yamesongamana, na sauti ikigonga ukuta humrudia msikilizaji kana kwamba imetoka ukutani humo.

Binadamu hutambua upande wa sauti kwa masikio mawili: moja huipata kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena kwa nguvu zaidi. Kwa mbinja jambo hili ni rahisi. Midundo mizito, ambayo mawimbi yake ni marefu kuliko chumba na hupenya kuta, hupoteza sikio kabisa. Sharti mtu atoke nje.

Huko nje asimame mahali patatu palipo wazi, kila mahali ageuke hadi masikio yote mawili yasikie sawa, kisha achore mstari kwenye ramani kuelekea anakotazama. Mistari inapokutana ndipo pa kuchunguza. Simu yenye programu ya kupima sauti husaidia kulinganisha, ingawa desibeli zake si za kutegemewa kama ushahidi. Penye uwazi, kila umbali unapopungua kwa nusu kelele huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Kutoka mita 20 hadi 10 tofauti huonekana. Kutoka mita 200 hadi 190 haionekani.

Usiku wa baridi hewa ya juu yenye joto hupinda sauti irudi chini, hivyo magari ya Waiyaki Way husikika mbali kuliko mchana. Uchunguzi wa usiku mmoja hautoshi.

Ikiwa ni mngurumo ndani ya jengo, mkono juu ya mabomba hufichua pampu. Mlinzi aombwe aizime kwa dakika moja. Katikati ya jiji, matatu yenye muziki haifuatiliki kwa ramani. Nambari ya usajili na saa zinatosha.

Kanuni za kelele za 2009 huruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili na dakika moja usiku. Malalamishi hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, au serikali ya kaunti, yakitaja jengo, tarehe na saa. Afisa akielekezwa kwenye jengo lisilohusika, hatapata kelele ya kupima, na mkosaji ataendelea kupiga muziki.