Makao ya Zana za Programu: Historia ya Saraka ya /usr katika Mifumo ya Jamii ya Unix

Mahali pa kuweka zana za watunga programu katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix huonekana kuwa suala dogo la mpangilio. Kihistoria ni suala la mamlaka: nani ana haki ya kuandika juu ya faili ya mwenzake?

Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walipoijenga Unix katika Bell Labs, Marekani, kuanzia mwaka 1969, saraka ya /usr ilikuwa makao ya watumiaji. Baadaye programu za mfumo zikapata nafasi humo, katika /usr/bin. Hatimaye wenye nyumba wakahamishiwa kwingine, kama vile /home katika Linux. Jina likabaki, maana ikahama, jambo ambalo halitamshangaza mwanaleksikografia yeyote.

Juhudi za kusanifisha mpangilio wa Linux zilianza mwaka 1993, na kiwango cha kwanza, FSSTND, kikatolewa Februari 1994. Mwaka 1997 kilipanuliwa kivuke mipaka ya Linux, kikaitwa FHS. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2015. Mchango wake mkubwa ni mgawanyo wa milki. Faili za msambazaji wa mfumo hukaa /usr. Zile anazoweka msimamizi wa kompyuta mwenyewe hukaa /usr/local, ambamo sasisho la mfumo halipaswi kuzigusa.

Hata hivyo, makubaliano hayo hayakuenea kote. FreeBSD huweka Python na Perl katika /usr/local/bin, ilhali mifumo mingi ya Linux huziweka /usr/bin. Skripti inayotaja njia kamili katika mstari wake wa kwanza hushindwa kufanya kazi inapohamishwa. Ndiyo maana waandishi wengi hupitia /usr/bin/env, programu inayomtafuta mfasiri popote alipo katika njia zilizoorodheshwa.

Mgogoro ulio mzito zaidi umeihusu Python. Zana ya pip, ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, iliweza kuvuruga maktaba ambazo programu za mfumo wenyewe zinazitegemea. Pendekezo PEP 668 la mwaka 2021 liliwapa wasambazaji alama ya kuzuia uvamizi huo, na Debian 12 ikaitumia mwaka 2023. Tangu hapo pip hukataa, ikamwelekeza mtumiaji kwenye mazingira pepe yaliyotengwa. Anayeshikilia kulazimisha hana budi kuandika chaguo ambalo jina lake lenyewe linatangaza kwamba vifurushi vya mfumo vitavunjwa.