Mnong'ono Si Kelele: Historia Fupi ya Kurekodi Inanga

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alizunguka Burundi na mashine ya kurekodi kwenye tepu. Sauti alizokusanya zilitoka kwenye santuri ya Ocora, lebo iliyozaliwa ndani ya redio ya Ufaransa. Humo kuna ngoma za kifalme, zile ambazo watu wengi duniani wamezisikia bila kujua zimetoka wapi. Lakini kuna pia kitu kidogo sana: mtu ananong'ona huku anapiga inanga. Ngoma inajaza kilima kizima. Mnong'ono haufiki hata nyumba ya pili. Leo naandika juu ya huo mnong'ono, kwa sababu ndio unaopotea haraka tukianza kuchezea sauti kwenye kompyuta.

Kwa wenzangu tuliotoka Kivu na ambao hawajaiona: inanga ni ubao wa mti uliochimbwa kama sinia refu. Uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku juu yake mpaka zinatokea nyuzi kama nane. Mpigaji anakaa chini, anaiweka mapajani, anapiga kwa vidole, na maneno hayaimbi, anayanong'ona. Ukisikiliza unaapa kwamba mnong'ono unapanda na kushuka kama wimbo. Kumbe mnong'ono hauna noti. Ni pumzi tu inayopita mdomoni. Mtafiti Cornelia Fales, aliyechunguza inanga ya namna hii kwa vipimo vya sauti, alieleza kwamba noti zinatoka kwenye nyuzi, halafu sikio letu lenyewe linazishonea kwenye mnong'ono. Yaani wimbo unamalizikia kichwani mwa msikilizaji.

Mimi ni animateri wa vijana hapa Muyinga, kambi ya Gasorwe. Kundi letu linarekodi wazee, wa kambini na wa vilima vya jirani. Mmoja wao ni mzee wa Nyarusange ya Gitega, ambaye binti yake ameolewa Nyarusange ya huku Muyinga, basi yeye husema hajawahi kuhama. Tulimrekodi chumbani, mvua ikinyesha kwenye mabati. Faili tulilipeleka kwenye studio moja mjini watusaidie kupunguza mvua. Likarudi safi kabisa. Mvua hakuna, na mnong'ono hakuna. Zimebaki nyuzi tu, na mahali pa maneno kuna mlio wa ajabu kama maji ndani ya chupa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza binti yake: “Huyu anapiga vizuri, lakini kwa nini amenyamaza?”

Faili la kwanza tulikuwa nalo bado, kwa hiyo hakuna kilichokufa. Ila swali lake lilinifanya nitafute sababu.

Zamani hakukuwa na kifutio cha kelele. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipopita Rwanda na pande za Ituri, Kongo, alihitaji jenereta kuendesha mashine yake. Jenereta inanguruma. Dawa yake ilikuwa waya mrefu: jenereta ikae mbali, mikro ije karibu. Mikro mwenyewe aliishika mkononi, akaisogeza kwa anayeimba au kwa chombo. Kelele ilishughulikiwa kabla ya kurekodi, kwa sababu baada ya hapo hakuna la kufanya.

Sisi tunatumia Audacity, programu ya bure ambayo Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Studio zenyewe zina programu za bei, lakini kusafisha kelele kunafuata njia ile ile. Unachagua sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, unaiambia programu: hii ndiyo kelele. Halafu inapita faili zima na kupunguza kila kinachofanana nayo. Sasa mvua kwenye mabati ni nini? Ni sauti isiyo na noti, imetawanyika kuanzia chini mpaka juu. Na mnong'ono? Hivyo hivyo. Programu haikukosea. Iliambiwa mvua ni uchafu, ikakuta mzee anafanana na mvua.

Kwa hiyo tumerudi kwa njia ya mwaka 1952. Wenye kompyuta ya zamani kama yetu, haya ndiyo yanayotusaidia:

Mvua na upepo: ahirisha. Asubuhi mapema, chini ya mparachichi, ni bora kuliko chumba cha mabati. Mkilazimika kukaa ndani, tundikeni blanketi ukutani ili sauti isirudi.

Mikro: shubiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kwa ngoma fanya kinyume, rudi nyuma hatua nyingi.

Mlio wa “mmmm” chini ya sauti: mara nyingi ni umeme. Chomoa chaja, rekodi kwa batri. Ukibaki, ondoa mahali pale pa 50 na 100 tu, maana umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde. Usisafishe faili zima.

Kipimo cha sauti: kisifike sifuri hata mara moja. Sauti ikizidi, mawimbi yanakatwa vichwa, na vichwa hivyo havirudi. Sauti ndogo unaweza kuipandisha, ila kelele itapanda nayo, kwa hiyo usirekodi chini mno.

Faili: hifadhi kwa WAV. Dakika moja, mikro moja, inakula kama MB 5. Ni nyingi kwa telefoni zetu, najua. Lakini sauti ya kutumiana kwa WhatsApp inabanwa, na kubanwa huko kunaweza kuharibu pumzi za mnong'ono. Tuma ile, hifadhi hii.

Na mkisafisha, safisheni nakala. Sikilizeni kwa visikilizio vya masikioni, na mwenye sauti asikilize naye.

Jambo la mwisho ni la majina. Zile ngoma za 1967 zilirudi mwaka 1971 katika santuri iitwayo “Burundi Black”: mwanamuziki wa Ufaransa, Mike Steiphenson, aliongeza vyombo vya roki juu yake, na santuri ikatoka kwa jina lake. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia katika “The Jungle Line”. Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu. Ngoma inajulikana. Waliozipiga siku ile, msikilizaji wa kawaida hawezi kukutajia hata mmoja.

Ndugu zetu wa mashirika, nanyi mnaturekodi: siku ya wakimbizi, kwenye mikutano, kwenye ushuhuda. Sauti zinaondoka na gari, huko zinasafishwa, zinakatwa, zinawekwa muziki. Hatukatai. Tunaomba mambo matatu. Jina la mzee liandikwe kwenye faili lenyewe, kama anakubali, na kama hakubali lisiandikwe popote. Faili ambalo halijaguswa libaki pia hapa kwetu. Na kabla ya kutoa kitu nje, mwenyewe asikilizishwe, maana pengine kile mlichoondoa kama kelele ndicho alichokuwa anasema.

Mzee wa Nyarusange tulimrekodi tena mwezi wa sita, kiangazi, nje. Kuna jogoo mmoja analia katikati. Tulimuuliza kama tumtoe. Akasema jogoo ni wa binti yake, abaki.