Uchangamshi, na Mchezo Uliofichwa Ndani Yake

Tangu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilipozinduliwa nchini Tanzania mwaka 2021, kuna neno ambalo wataalamu wa afya na ustawi wa jamii hulitumia kila siku, ilhali mama wa Kata ya Mollo, pale Manispaa ya Sumbawanga, hana sababu ya kulitamka nyumbani kwake. Neno hilo ni uchangamshi. Limenyambuliwa kutoka kitenzi changamsha, na katika lugha ya kitaalamu uchangamshi wa awali ni yale yote anayofanyiwa mtoto mdogo ili akili yake ipate kazi: kuongeleshwa, kuimbiwa, kupewa vitu avishike na kuvigonga, na kujibiwa pale anapotoa sauti au kunyoosha kidole. Lisichanganywe na uchangamfu, ambao ni tabia tu. Mtoto mchangamfu huwachekea wageni. Mtoto aliyechangamshwa huenda akawa mkimya kabisa, lakini ana kitu anachokichunguza.

Neno limeundwa vizuri, ila lina upungufu mmoja ambao kwangu si mdogo. Mtendaji wake ni mtu mzima. Mtoto amekaa upande wa kupokea. Ukilichukua hivyo lilivyo, hata kuwapanga watoto wa miaka minne kwenye madawati na kuwaimbisha moja hadi hamsini kwa sauti moja kutaitwa uchangamshi. Ninachodai ni kwamba istilahi hii haijakamilika mpaka ifafanuliwe kwa neno mchezo, kwa sababu kinachojenga akili si kile anachotendewa mtoto, bali kile anachokifanya mwenyewe baada ya kuchokozwa. Naelewa kwa nini waandishi wa miongozo husita. Mchezo kwetu umebebeshwa dharau: tunasema maisha si mchezo, tunakaripia “acha mchezo”, na fundi gari akisema usukani unacheza ana maana haujakaza. Lakini kulikwepa neno kwa sababu limedharauliwa ni kuiacha dharau yenyewe ikae palepale.

Mkoa wa Rukwa, iliko Sumbawanga, una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Ni mmoja wa mikoa minne iliyosifiwa kwa miaka mingi kuilisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mbele ya takwimu hiyo, pingamizi la kwanza huja lenyewe: mtoto asiyepata mlo kamili utamzungumziaje habari za kucheza? Jibu zito kuliko yote linatoka Jamaika. Mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, katika mitaa ya kimaskini ya Kingston. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga kilo moja kila wiki. Kundi jingine lilitembelewa na mhudumu wa afya wa jamii saa moja kwa wiki, akimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata chochote kati ya hivyo. Baada ya miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba maziwa yalisaidia akili, mchezo ulisaidia, na waliopata vyote walikaribia kuwafikia watoto wasiodumaa. Miaka ishirini baadaye faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena, ila waliochezeshwa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezeshwa. Kundi lilikuwa dogo, na Kingston si Ufipa, nyanda zetu za Rukwa. Hata hivyo, hakuna anayeweza tena kusema kwamba mchezo husubiri mpaka sahani ijae. Vyote viwili huenda pamoja, na pale penye udumavu ndipo mchezo unapohitajika zaidi.

Kazi yenyewe inaonekana ukimtazama mtoto kwa karibu. Lifiche gunzi la mahindi chini ya kitenge mbele ya mtoto wa miezi sita: mara nyingi ataliacha, kana kwamba halipo tena. Rudia akiwa na miezi kumi, atakivuta kitenge. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliliona badiliko hilo kwa wanawe mwenyewe, akalieleza kuwa ni mtoto kuanza kubaki na kitu akilini hata macho yasipokiona. Fikia miaka mitatu, gunzi lilelile linafungwa kitambaa, linabebwa mgongoni, linabembelezwa lilale. Mtoto anajua fika kwamba hili ni gunzi, na bado analiita mwana. Mwanasaikolojia mwingine, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, alishikilia kwamba hapa ndipo maana inapoanza kutengana na kitu, na kwamba kila mchezo wa namna hii una sheria yake: anayekuwa mama hana ruhusa ya kulitupa gunzi linapolia. Mtoto anajizuia kwa hiari yake, jambo ambalo hakuna kiboko ambacho kingemfundisha.

Pingamizi la pili ni la kitaaluma, nami naliheshimu. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Angeline Lillard na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu michezo ya kuigiza, wakahitimisha kwamba ushahidi wa kuigiza kuwa ndiko kunakosababisha ukuaji wa akili ni dhaifu. Huenda kunafuatana nao tu. Ni kweli, na anayemtetea Vygotsky hapaswi kulificha. Lakini hoja yao ilihusu kuigiza, si mchezo wote, na majaribio ya namna ya Kingston hayakutegemea kuigiza. Yalitegemea kitu cha kushika, mtu wa kujibu, na mtoto wa kuanzisha.

Wapo pia wanaodhani mchezo wa maana huanzia kwenye duka la vinyago. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Watoto waliozoea kujiundia magari ya waya walikuwa wamejenga akili ileile kwa mikono yao, ila kipimo cha shuleni kisingeiona. Zambia inapakana na Rukwa, na waya uko pande zote mbili za mpaka.

Pingamizi gumu zaidi ni la muda. Mwanaanthropolojia David Lancy ameonyesha kwamba katika jamii nyingi za wakulima mama hakai chini kucheza na mtoto, na kumlaumu kwa hilo ni kumpimia maisha ya watu wengine. Kwenye nyanda za Ufipa, kati ya Novemba na Aprili, mvua na palizi haviachi mikono mitupu, na mara nyingi mtoto hubaki na bibi au na dada wa miaka minane. Hapo ndipo naona mwongozo wa uchangamshi unaomlenga mama peke yake unapokosea mlango. Dada huyo anajua mdako na kombolela, na hahitaji semina ili amfiche mdogo wake gunzi chini ya kitenge. Anachohitaji ni mtu mzima wa nyumbani, na mhudumu anayepita, wasimwambie aache mchezo amwangalie mtoto.